Mlango wa Kwenye Kalenda

Tangu nirudi sijamaliza hata kufua soksi, na kila ninayekutana naye ananisimamisha: "Enhe Tatu, Japani kukoje?" Nimesimulia kwa vipande. Wa saluni walipata kipande cha chakula, majirani wakapata cha dubu, mashoga zangu wa Tandika wakapata cha kigelegele, na sasa wamekutana wanabishana ni nani niliyemdanganya. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nipumzike. Habari za viza na tiketi sizigusi, maana zilinichosha zilipokuwa zangu, sembuse nyie.

Kwa wasionijua, mie ni mpiga picha wa shughuli za wanawake. Kule ambako simu zinakusanywa mlangoni na wanaume hawaingii, mie naingia na kamera yangu. Picha zangu zote nasafishia kwa Mzee Murtaza, Chang'ombe, kwenye duka la kamera alilorithi kwa baba yake. Karibu wapiga picha wote wa Temeke tumelelewa na duka lile, na wote tunaijua picha iliyokuwa ukutani.

Ilikuwa karatasi ya kalenda. Wauza magari ya Japani walikuwa wakigawa kalenda hizo zamani, na hiyo aliipata marehemu Bi Sakina, mke wa Mzee. Miezi mingine ilichanwa ikatupwa, lakini huo mmoja aliukata tarehe zake kwa mkasi akabakiza picha. Nyumba ya mbao yenye paa nene la makuti ya kwao, nyuma yake kilima chenye nundu mbili, miti myekundu kama imepakwa hina, na chini ya paa mikufu ya matunda ya rangi ya chungwa yaliyoanikwa. Katikati kuna mlango, umefungwa.

Bi Sakina alikaa kwenye kiti chake mkabala na picha hiyo tangu nilipokuwa naagizwa dukani kwao na mama yangu mpaka nilipokuwa nashika kamera yangu mwenyewe. Kila mteja alimwuliza swali lilelile: "Hivi ukiufungua ule mlango, unaona nini?" Mie nilimjibu bahari. Dulla, ambaye mtamjua punde, alimjibu foleni. Bi Sakina alicheka, akasema hapana, siyo hiyo, kana kwamba jibu analo mahali na anatupima tu.

Alipofariki, kiti chake hakikukaliwa na mtu. Siku ya arobaini, wageni walipoanza kuaga, Mzee Murtaza alituita pembeni sie tuliokuwa karibu naye akasema, "Nakwenda kuufungua. Nani anakuja?"

Kwa hiyo safari iliitwa ya kupiga picha za majani mekundu, na picha tulipiga. Lakini sote tulijua tunakwenda kufungua mlango wa watu tusiowajua, katika nchi tusiyoijua. Mie moyoni niliona ni wazimu wa msiba. Nikaenda hivyohivyo.

Kipawa

Tulikuwa wanne. Wa tatu ni Dulla, mpiga picha za harusi wa Mbagala, kijana wa maneno mengi na mkono mwepesi. Wa nne ni Mama Neema wa Kinondoni, nesi mstaafu, Mgogo, aliyenunua kamera kwa kiinua mgongo chake na tangu hapo hakosi harusi, awe amealikwa au hakualikwa. Kigelegele chake kinajulikana. Kinaanza kabla ya bibi harusi kushuka kwenye gari.

Mama Neema ana mdogo wake anayekaa Kipawa, na mdogo mtu akasema hatuwezi kwenda mbali vile bila kula kwake. Uwanja wa ndege unauona kwa macho kutoka barazani. Basi tukala chapati na maharage, tukaongezwa, tukaombewa dua na sala, mdogo mtu akatoa albamu, na tulipofika uwanjani majina yetu yalikuwa yanaitwa. Anayekaa karibu na uwanja ndiye anayechelewa ndege.

Mzee Murtaza alikuwa ametutangulia, amekaa wima na karatasi ya kalenda aliyoibana kati ya kadibodi mbili. Alinikabidhi.

"Ibebe wewe, Tatu. Mie nitaishikashika mpaka ichakae."

Nikaiweka kwenye begi la kamera, upande wa mgongoni. Huko angani nililala, nikala, nikalala. Hakuna cha kusimulia.

Toka jiji kubwa hadi milimani

Mwenyeji wetu aliitwa Haruka. Alikuwa amewahi kufundisha hesabu miaka ya ujana wake huko Singida, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Dulla, jambo ambalo si gumu. Alitupokea kwa "Shikamoo Mzee, shikamoo Mama," akainama mpaka nikaona kisogo chake. Mzee Murtaza akaitika marahaba, na yeye akainama. Haruka akainama tena. Ingekuwa si Mama Neema kudai choo, wangekuwa hapo hadi leo.

Alipowasha kigari chake, sauti ya mwanamke ikasema neno kwa Kijapani. Dulla akaruka kwenye kiti.

"Oya! Huyu dada namjua! Yuko kwenye gari la mjomba wangu! Kila asubuhi anaongeaga hivyohivyo!"

Sote tulimjua. Nani Dar hajapanda gari lililotumika Japani? Sie tumezoea kuwa gari likiwashwa husema lake, na dereva husema lake.

"Sista, kwani huwa anasemaje?" Dulla akauliza.

"Anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa," Haruka akajibu.

Kisha Dulla akasema kwa huzuni ya kweli, "Kumbe miaka yote hiyo anadai kadi, na sie tunamwitikia asalaam aleikum."

Huko mjini hatukukaa. Tukaelekea bara, barabara ikipanda, vijiji vikipungua watu kila tulipozidi kwenda. Kuna mahali tulipita shule nzima imefungwa kwa kukosa watoto, na Mama Neema, ambaye ana wajukuu wasiohesabika, akaguna mpaka tukaiacha nyuma. Kwetu neno vuli ni mvua na matope ya Mbagala. Kwao majira hayo ni majani kupukutika, na watu wanafunga safari kuyatazama. Tulikuta wazee wao wamepanga stendi za kamera mstari mmoja pembeni ya ziwa, wote wanangoja ukungu uondoke. Hakuna anayeongea. Tukapanga zetu mwisho wa mstari. Dulla alistahimili kidogo, kisha akaninong'oneza, "Sasa tunampiga nani?" Maana sie tumezoea kumwambia mtu inua kidevu, geuka, cheka. Mlima hauambiwi.

Ukungu ulipoondoka, wale wazee walipiga picha mbilimbili, wakashukuriana, wakafunga vitu vyao. Nilizitazama picha zangu. Zilikuwa nzuri, na ningeweza kuzipata zilezile kwenye kalenda yoyote.

Nyumba ya wageni

Tulilala kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni, mjane, mfupi, anayepika mwenyewe. Habari za kuoga pamoja kwenye maji ya moto siandiki. Anayetaka kujua akamwulize Mama Neema, mie nilikuwa nimefumba macho.

Chakula kilikuja katika vibakuli vingi vidogo kama vya kuchezea watoto. Mzee Murtaza, asiyekula nyama asiyoijua machinjio yake, alikula wali na samaki, na pembeni akaweka achari na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna wenye pilipili, aliyotoka nayo nyumbani. Mwenyeji akaionja ile chevda, akakaa nayo mdomoni akifikiri, akarudisha mkono kwenye mfuko. Tangu hapo wakawa marafiki. Kulikuwa na maharage yaliyochachushwa yanayovutika nyuzi, ambayo mie niliyatazama tu. Mama Neema akayamaliza yake, akamaliza na yangu.

"Nyie wa pwani mna shida," akasema. "Huu si mlenda tu?"

Nje, matunda yaleyale ya kwenye picha yalikuwa mtini, yameiva, yanang'aa. Wanayaita kaki. Dulla hakungoja kuambiwa. Akachuma moja akaling'ata kama embe dodo, na uso wake ukajikunja wote ukaelekea puani. Ulimi ulimkauka hata kutema hawezi. Mwenye nyumba akatoka mbio, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akamletea chai. Haruka akatueleza kuwa kaki za aina hiyo hazilwi mtini. Humenywa, zikafungwa kwa kamba, zikaanikwa chini ya paa mpaka zinyauke na kuwa tamu.

Hapo ndipo nilipotoa karatasi ya kalenda, maana mikufu ile ndiyo iliyokuwa ndani yake. Tulikwishaionyesha kwa watu wengi njiani. Wengi walisema ni nzuri, wakaturudishia kwa mikono miwili. Maandishi madogo ya pembeni, Haruka alisema, yalitaja mkoa tu, na mkoa ule una mabonde kama una kazi nayo. Mwenye nyumba akavaa miwani. Hakuitazama nyumba. Akaweka kidole kwenye kilima cha nundu mbili, akasema maneno mengi, akaonyesha dirishani.

Haruka akatafsiri polepole. "Anasema kilima hiki anakijua. Kiko upande wa pili wa mlima. Nyumba ipo. Lakini paa lake siku hizi limefunikwa bati."

"Kumbe na wao wanahamia bati," Mama Neema akasema.

Mzee Murtaza alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Haruka akaendelea, na hapo sauti yake ikawa ya mwalimu. "Mzee, naomba tuelewane. Kesho ni nafasi yetu ya mwisho, keshokutwa tunarudi mjini kupanda ndege. Nitawapeleka, mtaiona kutoka barabarani. Lakini sitabisha hodi. Hapa mtu hagongi nyumba ya asiyemjua akamwambia nataka kufungua mlango wako. Atakubali kwa aibu, na atateseka."

"Barabarani nimeshasimama, binti," Mzee akamjibu. "Miaka yote hiyo dukani nimesimama barabarani. Sakina hakuuliza nyumba ikoje kwa nje."

Mlimani

Asubuhi tuliondoka mapema, na mapema yetu ikaishia kwenye kona ya kwanza ya mlima. Bwana mmoja mwenye fulana ya kung'aa alisimama katikati ya barabara na kibendera. Dubu ameonekana, anashuka kula kaki, wanamfukuza, tusubiri.

"Dubu mnyama?" Dulla akauliza.

"Unajua dubu mwingine?" nikamwambia.

Tukakaa. Mama mmoja wa shamba la pembeni akatuona tumejaa kwenye kigari, akaja na viazi vitamu vya kuchoma vimefungwa kwenye gazeti. Dulla akala, akasema vya kwao Mbagala vina sukari zaidi, akaomba cha pili. Mzee Murtaza hakula. Alishuka akasimama kando ya yule bwana wa kibendera, tasbihi mkononi, kila gari likifika nyuma yetu anageuka, kisha anatazama tena kule barabara inakopotelea. Nilimpiga picha akiwa hivyo, wanaume wawili wa umri mmoja, mmoja na kibendera, mwingine na tasbihi. Ndiyo picha yangu niipendayo katika safari nzima. Nilimwonea huruma nikatamani dubu akamatwe, au asikamatwe kabisa tukarudi, yaishe.

Barabara ilifunguliwa jua likiwa limeshapanda sana.

Sare nyeusi

Kilima kilijitokeza ghafla, nundu mbili vilevile. Chini yake nyumba, bati juu ya paa la zamani, mikufu ya kaki imening'inia. Haruka akatushusha kandokando ya shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, akasema tusimame papo hapo, yeye anatafuta pa kuegesha asizuie trekta la mtu. Kosa lake lilikuwa kutuacha peke yetu.

Maana uani kulikuwa na shughuli. Ukuta umezungushiwa kitambaa cha mistari myeusi na myeupe. Mashada makubwa ya maua yamesimama kwenye stendi zake getini. Gari refu jeusi linameta. Na watu, wanaume kwa wanawake, wamejipanga nje katika nguo za aina moja, suti nyeusi, magauni meusi, akina mama na shanga nyeupe shingoni.

Nataka mtuelewe. Kwetu msiba mtu anakwenda na khanga aliyoikuta kwenye kamba. Watu wote wakivaa rangi moja, maua yamepangwa na gari limesafishwa, hiyo ni kamati imekaa vikao, imechagua sare. Sie watatu kazi yetu ni hiyo, tunanusa harusi kutoka barabarani.

"Oya, harusi!" Dulla akasema. "Sare nyeusi! Wamependeza hao!"

Na akaenda. Aliingia getini na kamera mbili shingoni, akainama kama alivyofundishwa, kisha akaanza kazi yake. Kwa mikono akawaonyesha warefu warudi nyuma, wafupi waje mbele, huyu asogee kidogo. Nao, Mungu awape kila la heri, wakasogea. Hakuna aliyekataa. Walitazamana tu, wakajipanga.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mama Neema alikuwa nyuma yangu, na aliona mlango tu. Akatoa kigelegele, kirefu, cha Kinondoni, kikapanda mpaka kwenye kilima kikarudi.

Mie nilikuwa na lenzi ndefu, nimemvuta mwanamke aliyetoka wa kwanza, nikidhani ni mama wa bibi harusi. Alikuwa amebeba kwa mikono miwili picha ya bibi kizee, kwenye fremu yenye utepe mweusi. Nyuma yake wanaume walikuwa wamebeba jeneza.

Nikashusha kamera. Dulla naye aliona, mkono wake ukabaki hewani. Kigelegele kilikatika katikati, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani ardhi inimeze na kamera yangu.

Aliyesogea ni Mzee Murtaza. Alivua kofia, akaenda mpaka mbele ya yule mwanamke, akaweka mkono kifuani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Pole sana, mwanangu. Watoto hawa hawakujua." Kwa Kiswahili, maana lugha nyingine ya msiba hana. Mwanamke alimtazama usoni, kisha akainama na picha yake. Haruka akafika anakimbia, akainama mpaka magotini, akasema maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Gari jeusi likapiga honi moja ndefu likaondoka, na magari mengine nyuma yake. Hata honi, ambayo kwetu ni ya harusi, wao wanaagia maiti.

Uani

"Tuondoke sasa hivi," Haruka akasema. Alikuwa karibu na machozi.

"Tuondoke twende wapi?" Mama Neema akauliza. Naye alikuwa akilia, waziwazi, kamasi na yote. "Nimempigia maiti kigelegele, halafu niondoke? Mtu ukikuta msiba unakaa. Vyombo viko wapi?"

Kabla hajajibiwa alishazunguka nyuma ya nyumba. Baadhi ya majirani wa kike walikuwa wamebaki, wanaandaa chakula cha watakaorudi kutoka kuchoma maiti, na vikombe vichafu vimejaa beseni. Mama Neema akavua koti, akapandisha mikono, akaanza kuosha. Nami nikachukua kitambaa nikafuta. Wale akina mama walishtuka, wakajaribu kumpokonya kikombe, wakashindwa. Haruka akawaeleza kwa sauti ndogo. Mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha na ya mwenzake, na sikujua wanalia au wanacheka mpaka walipotufunga aproni kiunoni kwa mikono yao. Dulla alipewa viti vya kukunja, akavibeba bila kusema neno, jambo ambalo Temeke halijawahi kushuhudiwa.

Mzee Murtaza hakuingia uani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kuuza soda, imesimama peke yake kando ya shamba inamulika, na pembeni yake benchi. Alikaa hapo, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba. Nikampelekea chai.

"Nimemwambia Haruka asiwaulize habari ya mlango," akasema. "Nawe usiitoe karatasi. Leo nyumba hiyo ina lake."

"Kesho hatupo, Mzee."

"Najua. Mie niliondokewa, Tatu. Siku ile mtu angekuja na picha ya kalenda ningemwonaje? Basi. Nimefika mpaka hapa, Sakina ameona nimefika."

Alisema basi kama mtu anayeweka mzigo asioweza kuubeba zaidi. Iliniuma. Mie niliyeiita safari yake wazimu, nilijikuta nautaka ule mlango kuliko mwenyewe.

Mlangoni

Waliporudi, mchana ulikuwa umeanza kulegea. Yule mwanamke, binti wa marehemu, mtu wa makamo tu, alikuta vikombe vinameta, viti vimepangwa, na Mama Neema anamenya viazi na jirani zake. Akazungumza na Haruka kwa muda. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Anashukuru," Haruka akasema. "Na anauliza, watu wa Afrika mmefikaje kijijini kwetu? Hapa hapaji mtu."

Nilimtazama Mzee kule ng'ambo, mgongo wake bado umetugeukia. Nikafungua begi, nikatoa karatasi. Alinikataza kuomba, nami sikuomba. Niliulizwa nikajibu.

Nilimweleza habari za Bi Sakina, duka, kiti na swali. Haruka alitafsiri. Yule binti aliishika karatasi kwa mikono miwili. Hakuonekana kunisikiliza tena. Alikuwa akigusa mikufu ya kaki mmoja baada ya mwingine.

"Mama ndiye aliyezitundika hizi," akasema. "Anafunga fundo la peke yake. Ona." Akanionyesha, mie nikaona kamba tu, na sikubisha.

Akavuka barabara mwenyewe. Sikusikia walichoambiana, na hawakuwa na lugha ya kuambiana. Niliona tu ameinama, Mzee ameinuka, na wanarudi pamoja, yeye akitangulia nusu hatua kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba.

Mlangoni Mzee akasimama. "Hodi," akasema.

Haruka akafungua kinywa kutafsiri, lakini yule binti alishasogea pembeni na kunyoosha mkono ndani. Mzee akavua viatu, akavipanga, akaingia. Akausukuma mlango ukafungwa. Sote tukarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye ile mashine, mie, Dulla, Mama Neema na aproni yake, akina mama majirani, tumejipanga bila kupangwa na mtu. Haikupita dakika, nadhani, ila Mama Neema alikuwa amenishika mkono unaniuma.

Mlango ukafunguka.

Alisimama pale anatazama. Msidhani kuna kitu cha ajabu. Kile kilima kizuri na miti yake viko nyuma ya nyumba, wa ndani hawavioni. Nilisimama mahali pake baadaye nikaona mwenyewe. Unaona barabara, mabua ya mpunga, banda la bati na baiskeli, na mashine ya soda katikati ya yote, inamulika mchana kweupe. Yule binti alisema mama yake aliilalamikia mashine hiyo kila asubuhi alipofungua mlango, hadi asubuhi ya mwisho.

Mzee Murtaza alianza kucheka. Alicheka taratibu, mkono kwenye fremu ya mlango, machozi yakishuka kwenye ndevu na hakuyafuta. Kisha akainua kamera, akapiga picha moja.

Karatasi ya kalenda hakuichukua. Tulipokuwa tunaaga niliiona ndani, imeegemezwa kando ya picha ya yule bibi, na mbele yake wamewekewa chai, vikombe viwili.

Chang'ombe

Safari ya kurudi haina neno. Tulifika salama. Kigari kilichotuchukua uwanjani kilipowashwa, yule dada akadai kadi yake, na Dulla akamwambia, "Tunajua, sista, tunajua."

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kusafisha picha za shughuli ya Yombo. Pale ukutani ilipokuwa kalenda pamebaki rangi ya zamani, safi, na ndani yake Mzee ametundika picha yake mpya. Haitoshi nafasi yote, pembeni pameonekana mstari wa rangi ile. Imetoka vizuri. Barabara, banda, mashine ya soda, na sie tumesimama mstari mmoja mikono mbele, kama watu waliofika msibani.

Mteja mmoja kijana aliyekuja kupiga pasipoti aliitazama akauliza, "Mzee, hapo wapi? Mbona hapana hata mandhari?"

Mzee alitoka nyuma ya kaunta, akakivuta kile kiti ambacho hakikukaliwa, akakipangusa kwa mkono, akakaa, macho kwenye picha.

"Mashine ya soda, Sakina," akasema. "Na watu."